KWENDA NYUMBANI MWISHO WA MWAKA: BIBI, WAZAZI NA WAJUKUU KATIKA SAFARI MOJA

Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari, maana leo tutasoma, tutaandika, na hesabu pia tutapiga. Habari yetu ni safari. Si safari ya kijana anayetupa mfuko begani akaondoka zake, bali ni safari ya jamaa nzima, wazee kwa watoto, katika likizo ya mwisho wa mwaka.

Huko Ulaya mwezi wa Desemba ni wakati wa baridi na theluji. Kwetu Tanzania ni wakati wa joto, mvua za vuli zaelekea kwisha, na shule zimefungwa mpaka Januari. Wafanyakazi wengi hupewa likizo. Krismasi ni tarehe 25, siku ya pili yake ni mapumziko pia, na baada ya juma moja ni Mwaka Mpya. Sikukuu za Idi hazina mwezi mmoja wa kudumu, kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, lakini jamaa za Kiislamu nao huitumia likizo hiyo hiyo ya shule kuwapeleka watoto kwa babu zao. Basi watu wengi huondoka mjini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo shida huanza.

Nitatoa mfano wa Wachaga wanaokaa Dar es Salaam, kwa kuwa desturi yao ya kurudi Kilimanjaro kila Desemba yajulikana nchi nzima, na hata kutaniwa hutaniwa kwa ajili hiyo. Wewe unayekwenda Songea, Bukoba au Kigoma, badili majina ya miji tu. Mambo mengine ni yale yale.

Tuseme pana jamaa moja inayokaa Temeke. (Nimeitunga mwenyewe, msiitafute mtaani.) Kuna baba na mama, na watoto wao watatu: mmoja ana miaka 15, wa pili 9, na wa tatu ni mchanga wa miezi 8. Wanakaa pamoja na bibi, mama yake baba, mwenye miaka 76. Bibi ana shinikizo la damu na humeza dawa kila siku. Kwao ni Kibosho, na huko kihamba, yaani lile shamba la migomba la ukoo, kinatunzwa na shemeji yake, mzee wa miaka 80, pamoja na mkewe. Bibi hajaliona kaburi la mumewe kwa miaka mitatu. Anataka kwenda.

Jambo la kwanza ni kuulizana. Katika nyumba nyingi baba huamua peke yake, akanunua tiketi, kisha akatangaza. Bibi hupandishwa kwenye basi kama gunia la mchele. Haifai hivyo. Yapasa aulizwe mwenyewe: Mama, utaweza kukaa kitini kutwa nzima? Ukifika, una jambo gani la kufanya? Utarudi nasi au utabaki? Majibu yake yatageuza mipango yote. Akisema atabaki hadi Pasaka, basi dawa za majuma mawili hazitoshi, na atahitajika mtu wa kumfuata baadaye, nayo ni nauli nyingine.

Aulizwe pia mke. Tuseme wazazi wake wako Mwanga. Barabara ya Moshi hupita Mwanga. Kila mwaka mama huyu huona njia ya kwao dirishani, basi likapita, naye hasemi neno. Neno hilo halipotei. Hulipuka siku moja kule kihambani mbele ya wakwe. Ni afadhali lizungumzwe Temeke mwezi wa Agosti, wakati kila mtu ametulia. Jamaa yetu wamelizungumza, wakapatana kukaa Kibosho siku 10, kisha kulala Mwanga siku mbili wakati wa kurudi. Bibi amesema atarudi nao.

Sasa na tupige hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilometa 560. Nauli ya juu ya basi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo watu huiita LATRA. Mwaka 2023 mamlaka hiyo ilitangaza shilingi 48.47 kwa kila kilometa kwa basi la kawaida, na shilingi 67.84 kwa basi la daraja la kati. Zidisheni kwa 560. Basi la kawaida ni kama shilingi 27,100. Basi la kati ni karibu 38,000. Nauli hizi hubadilika, kwa hiyo kabla ya kusafiri uliza za wakati huo. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki, na mtu anayeijua hawezi kudanganywa kwa urahisi na mpiga debe anayemwambia siku tatu kabla ya Krismasi kwamba nauli imekuwa 70,000.

Jamaa yetu wanataka basi la kati kwa ajili ya bibi. Viti ni vitano, mtoto mchanga atapakatwa. Tano mara 38,000 ni 190,000. Kwenda na kurudi ni 380,000. (Wakipandia Mwanga wakati wa kurudi nauli itapungua kidogo, na masalio yatalipa gari la kutoka Kibosho mpaka Mwanga.) Magari ya kutoka Temeke hadi kituo cha mabasi, na kutoka Moshi hadi Kibosho, wametenga 60,000. Chakula cha njiani 50,000. Vitu vya kupeleka nyumbani, yaani mchele, sukari, sabuni na blanketi mbili, 120,000. Mchango wa mbuzi na wa kikao cha ukoo 100,000. Akiba ya ugonjwa 70,000. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Ni shilingi 780,000.

Fedha hizo si kidogo. Wakianza kuweka mwezi wa Julai, ni miezi sita, nayo ni 130,000 kila mwezi. Wakianza Novemba, ni 390,000 kila mwezi, na hapo ndipo watu huenda kukopa. Ikiwa hata 130,000 ni nzito, wapande basi la kawaida, au wapunguze vitu vya kupeleka, au mwaka huu aende bibi na mtu mmoja wa kumsindikiza. Hakuna aibu katika hilo. Watu hawalisemi, lakini wengi huiogopa zaidi macho ya majirani wa kule nyumbani kuliko upungufu wa fedha.

Halafu kuna Januari. Ada katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa. Fedha za Januari zitengwe kwanza, ziwekwe mahali pengine kabisa, kwenye kibubu kingine au kwa mtu mwingine wa kuaminika. Zisichanganywe na za safari hata kwa siku moja.

Sasa tufike kwenye tiketi, na hapa ndugu zangu tutakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wenye akili timamu wakiachwa na basi kwa kutoisoma vizuri. Tiketi ina jina la abiria, mahali pa kutoka na pa kwenda, tarehe, saa, namba ya kiti na kiasi ulicholipa. Soma yote papo hapo dirishani, kabla hujaondoka. Kitu kinachowaponza watu wengi ni saa.

Sisi Waswahili twahesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapozama. Lakini tiketi za siku hizi mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Ukiona 06:00 si saa sita, ni saa 12 asubuhi. Njia ni hii: toa sita. Tiketi yasema 09:00. Tisa toa sita, tatu. Ni saa tatu asubuhi. Yasema 14:00? Kumi na nne toa sita, nane. Saa nane mchana. Yasema 21:00? Ishirini na moja toa sita ni kumi na tano. Imezidi kumi na mbili, basi toa kumi na mbili tena, imebaki tatu. Saa tatu usiku. Yasema 05:00? Tano huwezi kutoa sita, basi ongeza sita badala ya kutoa: saa 11 alfajiri.

Zamani kosa hili halikuwa na madhara makubwa sana, kwa sababu kwa miaka mingi mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kwenda usiku kucha. Mwaka 2023 serikali iliyaruhusu tena. Sasa kuna basi la 06:00 na basi la 18:00, na kwa maneno yetu yote mawili ni la saa 12. Mtu husema kwa simu, "Nikatie la saa kumi na mbili," akaandikiwa la jioni, naye akaamka saa tisa usiku na watoto. Sema daima: saa 12 asubuhi, au saa 12 jioni. Tena jihadharini na tiketi iliyoandikwa 00:30 tarehe 21 Desemba. Hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 21. Sharti uwe kituoni jioni ya tarehe 20. Ukienda jioni ya tarehe 21, basi limekwisha fika Moshi na kugeuka.

Mkiniuliza mimi, jamaa yenye bibi wa miaka 76 na mtoto wa miezi 8 waende mchana. Wataona njia, watashuka penye mwanga, na mtu akiugua ni rahisi kupata msaada. Waondoke tarehe 19, kabla ya fujo yenyewe. Siku za karibu na Krismasi, Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kilichofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2021, hujaa watu hata pa kuweka mguu hapana. Na kutoka Temeke mpaka Mbezi ni mbali. Basi la saa 12 asubuhi lataka mtoke nyumbani saa tisa na nusu usiku.

Pengine mmoja wenu atauliza habari za treni. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ilirudishwa Desemba 2019, baada ya reli hiyo kukaa zaidi ya miaka 20 bila abiria. Katika treni bibi aweza kusimama na kunyoosha miguu, nacho ni kitu kikubwa. Ila kabla ya kuitegemea, nenda stesheni ukaulize kama inasafiri juma hilo, na siku gani.

Safari ya basi itachukua muda gani? Basi haliruhusiwi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na mijini ni 50. Gawanyeni 560 kwa 80. Ni saa saba, nazo ni saa saba za basi lisilosimama mahali popote, jambo ambalo haliwezekani. Kuna Chalinze, kuna Korogwe ambako watu hula, kuna Same, kuna mizani na matuta. Kwa hiyo hesabuni saa tisa mpaka kumi na moja. Dereva akiwaahidi saa sita, huyo msimshangilie.

Bibi akae kiti cha pembeni mwa njia, karibu na mlango, asipandishwe nyuma kabisa kwenye mtikiso. Wazee wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa kubanwa na haja. Na joto la Desemba kati ya Mombo na Mwanga si la mchezo. Mzee asiyekunywa maji aweza kuzimia. Mwambieni anywe kidogo kidogo, na kila basi linaposimama kijana wa miaka 15 amshike mkono washuke wote wawili. Miguu ikikaa bila kutikiswa huvimba, na yaweza hata kugandisha damu. Akiwa kitini achezeshe vifundo. Dawa zake zikae kwenye mkoba wake mwenyewe, zisitiwe kwenye buti la basi pamoja na mizigo. Buti hufunguliwa Moshi, na dawa yamezwa asubuhi na jioni. Kitambulisho chake, kadi ya kliniki ya mtoto, na kadi ya bima kama ipo, vyote viwe mkobani.

Mtoto wa miaka tisa hutoroka upesi penye watu wengi. Mwandikieni karatasi ndogo yenye jina lake, jina la baba yake na namba ya simu, mkaishonee ndani ya mfuko wa suruali. Ninyi mlioanza kuandika mwaka huu mwaweza kuiandika wenyewe, bila kumwomba mtu.

Baridi nayo tuihesabu. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi sita. Vihamba vya Kilimanjaro viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Nyumba iliyo mita 1,500 ni nyuzi tisa chini ya joto la Temeke. Kwa kijana ni burudani. Kwa mtoto mchanga na mzee aliyezoea pwani ni sweta, soksi na blanketi. Chandarua pia msikiache, kwani mbu wa malaria hupungua kwa kadiri unavyopanda, lakini Moshi chini wapo.

Na tusiwasahau wale wanaotupokea. Mzee wa miaka 80 na mkewe, waliozoea kupika chungu kidogo cha watu wawili, mara wanaingiliwa na watu sita, na pengine ndugu wengine wanane kutoka Arusha na Nairobi. Kuni nani atakata? Ng'ombe wa zizini, ambaye majani huletewa, nani atamkatia? Jamaa wa mjini huja "kupumzika", na mapumziko yao ni kazi ya bibi kizee. Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naona mgeni mwenye miaka 15 apewe jembe siku ile ile ya kwanza.

Hata pombe ya mbege yahitaji taarifa. Ndizi husubiriwa ziive, huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo hutiwa uji wa kimea cha ulezi. Ukipiga simu tarehe 17 kwamba unafika tarehe 19, usilaumu mtungi kuwa mtupu. Simu ni nzuri, lakini maneno yake husahaulika. Andika barua, au ujumbe wa maandishi. Huu ni mfano:

"Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo Mama Mkubwa. Sisi hatujambo, mama naye hajambo. Tunakusudia kufika nyumbani tarehe 19 Desemba jioni, watu 6 pamoja na mama. Tutakaa mpaka tarehe 29. Mama hawezi kulala chini. Tunaomba kujua vitanda ni vingapi, na kama maji yanatoka. Tutaleta mchele, sukari, sabuni na blanketi 2. Mchango wa mbuzi tutautuma tarehe 1 Desemba. Mama anaomba apelekwe kaburini. Tena anaomba kikao cha ukoo kiwe kabla ya tarehe 28, ili aonyeshe mipaka. Ni mimi mwanao."

Someni tena neno lile la mwisho: ili aonyeshe mipaka. Hapo ndipo ilipo sababu ya bibi kutaka kwenda, na kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa ya safari yote. Mipaka ya vihamba vingi huonyeshwa na masale, ile miti myembamba yenye majani marefu, ambayo Wachaga huipanda pia makaburini na kuitumia katika kuombana msamaha. Sale halina maandishi. Nani alilipanda, na kwa mapatano gani, wanajua wazee. Katika ukoo huu wamebaki wawili wanaojua: mmoja ana miaka 76, mwingine 80.

Kwa hiyo siku ya kikao isiachwe mwisho, wakati watu wanafunga mizigo. Kikao kiwe asubuhi, kabla mbege haijamiminwa. Baada ya mbege hata mpaka ulionyooka hupinda. Wazee watembezwe polepole, na wajukuu wawafuate, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa miaka 30 ijayo. Mabinti wa ukoo waitwe pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mtu mwenye haki asifichwe kikao. Mmoja aandike tarehe, majina ya waliokuwapo, mipaka iliyoonyeshwa, na mambo yaliyokubaliwa. Kama kuna jambo lililobishaniwa, nalo liandikwe hivyo hivyo kwamba lilibishaniwa. Yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kisha kila mtu atie sahihi au alama ya dole gumba. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ichukuliwe na wa mjini, ya tatu ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji.

Mwandishi si lazima awe msomi mkubwa. Mtu aliyefika hapa tulipo katika kitabu chetu aweza kazi hiyo, mradi aandike polepole na asione haya kuuliza, "Rudia, sijaandika."

Sasa kazi ya juma hili. Kila mmoja aandike barua ya mistari kumi kwa mzee wake wa nyumbani, akitaja tarehe ya kufika, idadi ya watu, siku za kukaa, na jambo moja analotaka kumwuliza mzee huyo. Kisha fanyeni hesabu hii: watu 4 wanasafiri kilometa 450 kwa basi la shilingi 48.47 kwa kilometa. Nauli ya kwenda na kurudi ni ngapi, na wakiweka akiba kwa miezi 5, kila mwezi ni shilingi ngapi? Na tiketi zao zimeandikwa 05:30. Waandike saa hiyo kwa maneno. Walimu wakusanye madaftari Alhamisi. Kwaherini.